Mbegu, Udongo na Swali la Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa aliwahi kuniuliza swali ambalo sikulijibu ipasavyo, na kwa kuwa nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka kumi na tano, jambo hilo limeniuma mno. Alikuja akiwa mzima wa afya, mwili umejaa, na mkononi ameshika karatasi zilizotolewa nakala juu ya nakala hadi herufi zimefifia. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nilikaa na hiki kirusi cha UKIMWI miaka mitano bila kumeza kidonge hata kimoja na sikuwahi kulazwa. Nimeanza dawa ndipo nimeanza kuona kizunguzungu na kuota ndoto za kutisha. Sasa niambie, kinachoniumiza ni kirusi au ni dawa? Na huyu aliyeandika humu si mtu wa mitaani, ni profesa wa chuo kikuu kikubwa Marekani, naye anasema kirusi hiki ni abiria tu mwilini."

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia aachane na karatasi hizo na aendelee kumeza dawa zake kama alivyoelekezwa. Alikunja karatasi, akaaga kwa heshima, na wiki ile ile akaacha dawa bila kunieleza.

Ninaandika leo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nimelitafakari kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Ni swali lile lile lililowagawanya wasomi wa Ulaya karne moja kabla ya UKIMWI kujulikana: ikiwa kimelea ndicho chanzo cha ugonjwa, kwa nini kinamwangusha huyu na kumwacha yule?

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch aliwaonyesha wenzake bakteria wanaosababisha kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa hesabu yake mwenyewe ulikuwa ukiua mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa. Watu wengi walikuwa wakiamini kwamba kifua kikuu ni urithi wa ukoo, au ni matokeo ya hewa chafu na maisha ya dhiki. Koch alibuni namna ya kupaka rangi makohozi na nyama za mapafu ili bakteria waonekane wa buluu katika uwanja wa kahawia. Sisi siku hizi tunatumia rangi nyingine, kwa hiyo bakteria hao hutokea wekundu na mandhari yake huwa ya buluu, lakini kinachoonekana ni kile kile alichokiona yeye. Unaweka tone la mafuta juu ya slaidi, unashusha lenzi ya mia moja polepole hadi iguse mafuta, unazungusha skrubu ndogo kwa ncha za vidole, na katikati ya ule ubuluu vinajitokeza vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, vingine vimelaliana viwili viwili. Nimeviona mara zisizohesabika na bado kila vinapojitokeza mkono wangu husita juu ya skrubu.

Kutokana na kazi ya Koch, na mawazo ya mwalimu wake Jakob Henle, yalizaliwa masharti ambayo wanafunzi wote wa maabara huyakariri. Kimelea kikutwe kwa kila mwenye ugonjwa huo. Kiweze kutolewa mwilini na kukuzwa peke yake. Kikitiwa katika kiumbe mwenye afya kilete ugonjwa ule ule. Kisha kipatikane tena ndani ya kiumbe huyo. Masharti haya ni mazuri sana, na kwa kimeta na kifua kikuu yalitimia. Jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni kwamba Koch mwenyewe hakuweza kuyatimiza yote kwa kipindupindu. Alikitafuta kimelea chake Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884, akakipata, lakini wanyama wa maabara hawakuugua kama wanadamu wanavyougua, na baadaye ikabainika kwamba wapo watu wenye afya kamili wanaobeba kimelea hicho matumboni mwao bila kuumwa. Aliendelea kusema kwamba ndicho chanzo, naye alikuwa sahihi. Masharti yale yalikuwa chombo cha kutafutia ukweli, na chombo hakiwi kikubwa kuliko kitu kinachotafutwa.

Mpinzani wake mkuu aliitwa Max von Pettenkofer, wa Munich, na ninaomba msomaji asimdharau. Alikuwa mwanasayansi wa heshima, mmoja wa waasisi wa elimu ya afya ya jamii, na mji wake ulipata maji safi na mifereji ya majitaka kwa sehemu kubwa kutokana na jitihada zake. Hakukana kwamba kimelea kipo. Alichosema ni kwamba kimelea peke yake hakitoshi: ni lazima kwanza kikutane na udongo wenye hali fulani ya unyevu na uchafu, na humo ndimo sumu ya kipindupindu hutengenezwa. Ili kuthibitisha hoja yake, mwezi Oktoba 1892, akiwa na umri wa miaka 73, alichukua mchuzi uliojaa vimelea vya kipindupindu, akapunguza asidi ya tumbo lake kwa magadi ili vimelea visife njiani, akaunywa. Aliharisha kwa siku chache, basi. Mwanafunzi wake Rudolf Emmerich alifanya vivyo hivyo na kuugua zaidi yake, lakini naye alipona. Pettenkofer akaona ameshinda.

Mwaka huo huo, hata hivyo, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa upande wa kaskazini mwa Ujerumani. Hamburg ilikumbwa na kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 8,000. Altona, mji uliopakana nayo kiasi kwamba mgeni asingejua amevuka mpaka, ulinusurika kwa kiwango cha kushangaza. Hewa ilikuwa moja, udongo mmoja, watu maskini walikuwapo pande zote mbili. Wote walikunywa maji ya mto Elbe, na Altona iliyachota chini zaidi, mahali ambapo yalikuwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg. Tofauti ni kwamba Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga kabla ya kuyasambaza, na Hamburg haikuyachuja. Katika mtaa wa mpakani, upande mmoja wa barabara watu walikufa na upande wa pili wakabaki salama.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani, kwa sababu ndani yake mna kila kitu ambacho ningetaka kumwambia kaka yangu. Glasi ya Pettenkofer ilijibu swali moja, yaani, je, kila anayemeza kimelea hufa? La, hafi. Bomba la Altona lilijibu swali jingine kabisa: je, kimelea kikiondolewa, ugonjwa hutokea? La, hautokei. Maswali haya mawili yanafanana kwa sura lakini si ndugu. La kwanza linauliza kwa nini huyu na si yule. La pili linauliza ni kitu gani ambacho kisipokuwapo hakuna hata mmoja atakayeugua. Kosa la mzee yule lilikuwa kutumia jibu la swali la kwanza kulifuta swali la pili, na hilo ndilo kosa lililokuja kurudiwa karibu miaka mia moja baadaye, safari hiyo kwa gharama kubwa zaidi.

Tarehe 5 Juni 1981, jarida la kila wiki la mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani lilichapisha taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ya aina ambayo kwa kawaida humpata mtu ambaye kinga yake imekwisha kabisa. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Kwa kuwa wote watano walikuwa mashoga, wapo waliodhani kwamba tatizo ni mtindo wa maisha au dawa za kulevya walizovuta. Dhana hiyo ilianza kuyumba mwaka 1982, pale ugonjwa ulipoonekana kwa wagonjwa wa hemofilia, watu ambao damu yao haigandi vizuri na ambao walitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watoaji. Dawa hiyo ilichujwa kiasi cha kuondoa bakteria wote. Kilichoweza kupita kwenye chujio lile kilikuwa kidogo kuliko bakteria.

Mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, pamoja na wenzao wa Institut Pasteur mjini Paris, walikipata kirusi hicho katika tezi ya shingo ya mgonjwa mmoja. Mwaka uliofuata kundi la Robert Gallo nchini Marekani lilionyesha kwa wagonjwa wengi kwamba ndicho kinachohusika na UKIMWI, na kufikia 1985 kipimo cha damu kilikuwa kimeidhinishwa. Kuhusu ugomvi wa nani alitangulia, uliochukua miaka na kuwafikia hata marais, sitasema zaidi ya kwamba Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008 kwa ugunduzi wa kirusi hicho ilikwenda Paris.

Profesa aliyetajwa katika karatasi za kaka yangu ni Peter Duesberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni kweli hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza wa virusi vya kundi lile lile ambalo VVU vimo, na mwaka 1986 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi yake. Mwaka 1987 alichapisha makala ndefu katika jarida la saratani akidai kwamba VVU havina madhara. Hoja zake, nikizipanga kama alivyoziweka yeye, zilikuwa na uzito wakati ule. Alisema kirusi kinapatikana katika chembe chache mno za damu kiasi kwamba hakiwezi kuangamiza kinga yote. Alisema virusi vingine huleta ugonjwa ndani ya siku au wiki, iweje hiki kisubiri miaka mingi? Alisema mwenye kingamwili dhidi ya kirusi, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, ni mtu ambaye mwili wake umekwisha kukishinda. Na baadaye akaongeza kwamba wanaougua wanaugua kwa sababu ya dawa za kulevya, na kwa sababu ya AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, iliyoidhinishwa Machi 1987.

Mtu mwaminifu hana budi kukubali kwamba mwaka 1987 baadhi ya maswali hayo yalikuwa hayajapata majibu kamili. AZT kwa dozi kubwa za mwanzo ililetea watu wengi upungufu wa damu, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba ikitolewa peke yake mapema kwa mtu asiye na dalili hairefushi maisha yake. Duesberg hakukosea kwa kuuliza. Alikosea kwa kuendelea kusimama pale pale wakati majibu yalipoanza kuja, moja baada ya jingine, kwa muda wa miaka minane au tisa.

Kuhusu uchache wa virusi, mwaka 1993 watafiti waliangalia ndani ya tezi badala ya damu, wakakuta kirusi kimejaa humo tangu siku za mwanzo, hata kwa mtu anayejisikia mzima. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba kile kipindi tulichokiita cha ukimya si kimya kamwe: mwili hutengeneza mabilioni ya virusi vipya kila siku, na kinga hujenga chembe mpya za CD4, zile zinazoongoza ulinzi wa mwili, kufidia zinazokufa, hadi miaka inapopita na kinga ikazidiwa. Miaka mitano ya kaka yangu bila kulazwa ilikuwa miaka mitano ya vita ambavyo yeye hakuvisikia.

Kuhusu AZT, inatosha kutazama kalenda. Wale vijana wa Los Angeles waliugua miaka sita kabla dawa hiyo haijaruhusiwa, na wengi mno waliokufa barani Afrika katika miaka ya themanini na tisini hawakuwahi kuiona kwa macho.

Lakini ushahidi unaonigusa kuliko wote ni wa wale wagonjwa wa hemofilia wa Uingereza, kwa sababu ndani yake ninaiona Altona tena. Nchi hiyo ilikuwa na orodha ya wanaume zaidi ya 6,000 wenye hemofilia. Kati ya mwaka 1979 na 1986, takriban 1,200 kati yao waliambukizwa VVU kupitia dawa zao, bila kujua na bila kosa lolote. Wengine, wenye ugonjwa ule ule na waliotumia dawa za aina ile ile, walibahatika kupata chupa zisizokuwa na kirusi. Duesberg alikuwa akidai kwamba protini ngeni zilizomo katika dawa za hemofilia ndizo zinazodhoofisha kinga. Basi hapa walikuwapo watu waliopokea protini hizo kwa miaka, wamegawanyika makundi mawili kwa bahati tu, tofauti yao ikiwa ni kirusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Kwa wenye hemofilia kali, kabla ya 1985 walikuwa wakifariki watu 8 kwa mwaka katika kila 1,000. Baada ya hapo, kwa wasio na VVU, idadi ilibaki 8. Kwa wenye VVU ilipanda mwaka hadi mwaka, na kufikia 1991 na 1992 ilikuwa 81.

Nilipozisoma tarakimu hizo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Watu wale walikuwa na umaskini sawa, utajiri sawa, dawa sawa, ugonjwa sawa wa kuzaliwa nao, na mauti yalipita katikati yao yakichagua kwa alama moja tu. Sijui mtu anaweza kuomba ushahidi gani zaidi ya huo. Hata hivyo ulikuja zaidi: wafanyakazi watatu wa maabara waliopata ajali kazini na kuambukizwa kirusi kilichokuwa kimekuzwa na kusafishwa walipata matatizo ya kinga, na hapo hata masharti ya kale ya Koch yalikuwa yametimia kwa njia ambayo hakuna mwenye utu angeitamani. Kisha mwaka 1996 zikaja dawa tatu kwa pamoja, zinazozuia vimeng'enya vya kirusi hiki, yaani protini kinazotumia kuzaliana, na watu waliokuwa wamebebwa kwa machela wakainuka. Kama kirusi kingekuwa abiria tu, kumshusha abiria kusingeliokoa gari.

Haya yote yalikuwa yamekwisha kujulikana Thabo Mbeki alipoingia madarakani Afrika Kusini mwaka 1999. Ninasita kuandika kumhusu kwa sababu ninaelewa, au nadhani ninaelewa, maumivu aliyokuwa nayo. Alikuwa kiongozi wa nchi iliyotoka katika ubaguzi, akisikia Waafrika wakisemwa kama watu wanaojiletea ugonjwa kwa tabia zao, na dawa za kuokoa watu wake zikiuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2000 aliunda jopo la ushauri akawaweka meza moja wanasayansi wa kawaida na wakanushaji, Duesberg akiwa mmojawapo. Zaidi ya wanasayansi na madaktari 5,000 walitia saini tamko la Durban kusema kwamba VVU ndivyo chanzo cha UKIMWI. Julai mwaka huo, akifungua mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban, Mbeki alizungumza juu ya ufukara kama muuaji mkubwa kuliko wote, na akasema kwamba hatuwezi kukitupia kirusi kimoja lawama zote. Katika ufunguzi huo huo alizungumza Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na VVU, aliyeiomba serikali iwape dawa akina mama wajawazito ili watoto wasizaliwe kama yeye. Alifariki tarehe 1 Juni 2001.

Utafiti uliofanyika Kampala ulikuwa umekwisha kuonyesha, mwaka 1999, kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama aliye katika uchungu na matone machache kwa mtoto hupunguza maambukizi kwa karibu nusu. Serikali ya Afrika Kusini iliiwekea dawa hiyo mipaka katika vituo vichache vya majaribio, huku waziri wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akisifia vitunguu saumu, ndimu na viazisukari vyekundu. Ilibidi Treatment Action Campaign, shirika la kutetea haki ya matibabu, liende mahakamani, na Mahakama ya Katiba iliamuru Julai 2002 kwamba dawa itolewe. Zackie Achmat, mwanzilishi wa shirika hilo aliyekuwa na VVU, alikataa kumeza dawa za kufubaza virusi hadi zipatikane kwa watu wote katika hospitali za umma, na nusura uamuzi huo umgharimu maisha. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba kati ya 2000 na 2005 ucheleweshaji huo ulipoteza maisha ya watu zaidi ya 330,000, na watoto 35,000 walizaliwa na maambukizi ambayo yangeweza kuzuiwa.

Nikirudi kwenye hoja ya ufukara, ninaona huzuni ya pekee ndani yake, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Njaa, msongamano na kazi za suluba huvunja miili ya watu, na kifua kikuu kilianza kupungua Uingereza kabla dawa yake haijapatikana, pale makazi na chakula vilipokuwa bora. Pettenkofer hakuwa mjinga kusema kwamba udongo una neno lake. Ila mtu akiitumia kweli hiyo kuifukuza kweli nyingine, ufukara nao hautibiwi: maskini anabaki na umaskini wake na anaongezewa kaburi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningetamani kila mwenye kubishana juu ya mbegu na udongo alitafakari. Katika magonjwa mengine, kimelea ni mbegu na mwili ni udongo, nasi tunaweza kujadiliana ni kipi chenye uzito zaidi. VVU ni mbegu ambayo zao lake ni kuharibika kwa udongo wenyewe. Kirusi hiki hakimuui mtu kwa kumletea kikohozi chake mahususi au homa yake mahususi. Kinaingia katika chembe zile zile zinazoongoza ulinzi wa mwili, na kinachomuua mgonjwa hatimaye ni nimonia, au fangasi wa ubongo, au kifua kikuu, yale tunayoyaita magonjwa nyemelezi. Wanaosema kwamba watu wa UKIMWI hufa kwa sababu miili yao imedhoofika wamesema kweli, bali wamesimama hatua moja kabla ya kuuliza kilichoidhoofisha.

Miezi saba baada ya mazungumzo yetu, kaka yangu alianza kukohoa na kutokwa jasho usiku. Slaidi ya makohozi yake niliisoma mimi mwenyewe, nikijua ni yake. Nilizungusha ile skrubu ndogo na vijiti vyekundu vikajitokeza, vingi, katika kila uwanja niliousogeza chini ya lenzi. Chembe zake za CD4 zilikuwa 84 katika milimita moja ya ujazo ya damu, wakati mtu mzima asiye na VVU huwa na kati ya 500 na 1,500. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu, na baada ya wiki mbili akarudishwa kwenye dawa za kufubaza virusi. Safari hii hakupewa efavirenzi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimletea kizunguzungu na zile ndoto, malalamiko ambayo hakuna aliyeyasikiliza, nami nikiwa wa kwanza. Alipewa dolutegraviri, na akaelekezwa kuimeza asubuhi na jioni kwa sababu rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu.

Alipoanza kupata nguvu ya kuketi aliniuliza, "Sasa hiki kifua kikuu nimekitoa wapi? Mbona nyumbani hakuna anayekohoa?" Safari hii nilivuta kiti. Nilimweleza kwamba takriban robo ya watu wote duniani wana bakteria hao miilini mwao, na kwamba katika kila watu kumi wa namna hiyo wenye kinga nzima, tisa au zaidi hawataugua maishani mwao. Nilikunja mkono wa shati nikamwonyesha mahali nilipochomwa kipimo cha ngozi mwanzoni mwa ajira yangu, palipovimba siku ya tatu upana wa ukucha wa dole gumba. Nilimwambia kwamba huenda tuliwavuta pamoja tukiwa wadogo, tulipokuwa tukilala kitanda kimoja na babu akikohoa chumba cha pili. Baba yetu mmoja, mama mmoja, chakula kimoja, bakteria wale wale. Kwangu wamelala na kwako wameamka, na kilichowaamsha kwako ni kile ambacho mimi sina.

Alikaa akiutazama mkono wangu kwa muda. Kisha akaniuliza kwa nini sikumweleza hivyo siku ile alipokuja na karatasi zake, nami nikamwambia ukweli, kwamba siku ile nilikuwa nimekasirika.